Yowe la Mama Mkwe

Kamba niliifungua mwenyewe. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisimulia habari za siku ile ya maji huanza na saa. Wengine husema saa ilinidanganya, wengine husema mambo ya mitambo si ya watu wa bondeni. Saa haina mikono ya kufungua fundo. Mimi ndiye niliyekaa juu ya dungu, nikakunja mguu wa kulia, nikalifungua fundo alilolifunga mama mkwe wangu, kisha nikaihamishia kamba kwenye nguzo.

Niseme kwanza kamba hiyo ilikuwa ya nini. Mpunga ukianza kushika punje, sisi wenye mashamba karibu na mto Lumemo, juu kidogo ya mji wa Ifakara, tunahamia shambani kuamia ndege. Kila shamba lina dungu lake, kichanja kirefu cha miti chenye paa la nyasi, na kutoka hapo zinatandazwa kamba zilizofungwa makopo matupu. Ndege wakitua unavuta kamba, makopo yanagongana, ndege wanaruka, na baada ya muda mfupi wanarudi. Kazi ni hiyo tangu alfajiri mpaka magharibi, wiki baada ya wiki. Dungu langu na la mama mkwe yalitazamana, hatua kama mia mbili hivi, na kati yake ilipita kamba moja ndefu ya katani, yenye makopo yake, ikishikiliwa na miti michache katikati. Mwisho mmoja alikuwa nao yeye. Mwisho wa pili ulifungwa kwenye kifundo cha mguu wangu.

Mimi ni kiziwi. Niliugua malaria nikiwa na miaka tisa, ile ya kupoteza fahamu, nikatundikiwa dripu za kwinini, na nilipozinduka nilimwona mama yangu mzazi anachezesha midomo bila kutoa sauti. Nikamwambia aache utani. Sauti yangu mwenyewe sikuisikia. Tangu hapo nasoma midomo, naongea kwa sauti ambayo watu wanasema ni kubwa mno kanisani na ndogo mno sokoni, na nina hasira za karibu. Nakiri. Methali nazo zinanionea. Sikio la kufa halisikii dawa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kila aliyeishiwa hoja mbele yangu hunipiga na mojawapo, halafu anajiona mwenye hekima.

Basi kamba ile ndiyo ilikuwa sikio langu la shambani. Mvuto mmoja, njoo. Miwili, ndege wako upande wako. Mfululizo, hatari. Mama mkwe aliibuni mwaka nilipoolewa, wala hakuniuliza. Aliushika mguu wangu akaufunga kama anavyofunga mbuzi, akarudi kwenye dungu lake, akavuta. Niliona aibu, lakini ilifanya kazi, na miaka ilipita hivyo.

Halafu nikamzaa binti, na mtoto huwezi kumfunga kamba.

Msimu uliotangulia ule wa maji alikuwa na miaka mitatu. Siku moja aliteleza akaingia kwenye mfereji unaokata mashamba yetu. Maji yalimfika kiunoni tu, lakini matope yaliishika miguu yake. Mimi nilikuwa hatua kumi kutoka pale, napalilia, nimempa mgongo. Nilimwona mama mkwe ananipita mbio, khanga imemdondoka, sikujua anakimbilia nini, nikageuka nikamkuta anamnyofoa mwanangu kwenye tope. Mtoto alikuwa ameshanyamaza. Alikuwa amelia mpaka amechoka. Kuanguka si kitu, kila mtoto wa bondeni ameanguka mferejini. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba aliniita, akauona mgongo wangu, akaita tena.

Jioni ile mama mkwe alisema mtoto atakwenda kwao Mahenge, kwa dada yake, akae mpaka afike umri wa shule.

"Mwanangu, sisemi humpendi," alinitamkia taratibu ili niisome midomo yake. "Unampenda. Lakini maji hayajui hilo."

Mume wangu anafanya kazi kwenye mashamba ya miwa kule Kidatu, anarudi nyumbani mwisho wa mwezi. Siku hiyo alikuwepo, na alitazama chini. Mwanaume akitazama chini mbele ya mama yake, ujue ameshakubali. Niliomba, nikalia, nikagomba, nikaomba tena. Mwishoni mama mkwe aliinua kidole kimoja.

"Msimu mmoja. Unaofuata. Nikiona kosa, mtoto anapanda basi."

Saa aliileta mdogo wangu wa kike, anayesoma chuo Morogoro. Ni saa ya mkononi kama zile za vijana, ila inashirikiana na simu. Simu inasikiliza, ikiutambua mlio fulani inaiambia saa, nayo inatetemeka na kuandika jina la mlio huo kwenye kioo chake. Milio mingine ilikuja nayo: mbwa, honi, king'ora, mtoto kulia. Mingine tuliifundisha wenyewe. Mdogo wangu alishika simu, tukarekodi kila sauti mara kadhaa, kisha tukaipa jina. Tulirekodi hodi ya mlangoni, trekta dogo la jirani, na kifuniko cha sufuria kinavyocheza wali ukichemka. Mwisho tukamkalisha binti yangu kwenye mkeka, tukamwambia aseme "Mama!" mara kumi. Alisema mara kumi na tano, anacheka. Jina tuliloandika lilikuwa "Mtoto anaita."

Kesho yake nilikuwa uani nafua, mkono ukatetemeka, nikasoma: Mtoto anaita. Nikageuka. Alikuwa amesimama mlangoni na kiatu kimoja, anataka nimtafutie cha pili. Hakuonyesha mshangao wowote kwamba nimegeuka. Nilikaa chini kwenye maji ya sabuni nikalia kwa furaha, na kiatu nilikitafuta baadaye.

"Dada, tumesahau yowe," mdogo wangu aliniambia siku hiyo hiyo.

Kweli tulikuwa tumesahau, na hilo ndilo lililokuwa la maana kuliko yote. Lakini kwenye kitongoji chetu yowe lina sheria yake. Ukilisikia unaacha ulichoshika unakimbia, hata kama anayelipiga hamsalimiani. Na anayelipiga bure huwapikia wote waliokimbia, siku hiyo hiyo, mpaka washibe. Mdogo wangu, msomi wa Morogoro, aliona atapita katikati. Alifunga dirisha, akaziba mdomo kwa khanga, akapiga yowe dogo la kuigiza.

Waliingia bila hodi. Mzee mmoja ana panga, mwingine ana povu la sabuni usoni, mama mmoja mikono imejaa unga, na mama mkwe mbele yao wote ameshika mchi. Walipotuona tumekaa na simu, hakuna aliyecheka. Tulipikia watu kumi na wanne siku ile. Walipoondoka mama mkwe alisimama juu yetu mpaka sauti ile ikafutwa kwenye simu.

"Yowe halijaribiwi," alisema. "Likizoeleka, siku ya siku nani atakuja?"

Basi saa haikufundishwa yowe. Jumapili iliyofuata kulikuwa na Komunio ya Kwanza, kina mama wakapiga vigelegele nje ya kanisa, na mdogo wangu akavirekodi, akasema angalau sitapitwa na pilau. Akaviita "Sherehe." Kisha akarudi chuoni.

Msimu ulipofika nilihamia shambani nikiwa na mwanangu, kipaneli kidogo cha sola cha kuchajia, na simu ndani ya mfuko wa nailoni niliouning'iniza kwenye nguzo ya dungu, juu, mvua isiifikie. Na mama mkwe akaanza kunijaribu. Alipita nyuma yangu akaangusha sufuria. Saa ikatetemeka, nami nikamwambia bila kugeuka, "Shikamoo mama." Alijibu marahaba, nadhani, maana nilikuwa nimempa mgongo kwa makusudi. Siku nyingine alimwambia mtoto aniite akiwa nyuma ya dungu. Niligeuka. Alipiga makofi, akakohoa, akagonga jembe kwa jiwe. Nilikuwa nageuka kwa kiburi, kama mwanafunzi anayenyoosha kidole kabla swali halijaisha.

Kisha akageukia kamba. Alivuta mfululizo, ishara ya hatari, nikateremka ngazi mbio, kamba ikiburuzika mguuni, nikamkuta amekaa kwenye dungu lake, ametulia, ananitazama. Alitaka kujua kama bado ninaitii. Mara ya pili ikawa hivyo hivyo. Mara ya tatu nilikuwa nimebeba uji wa moto. Uliniunguza paja, na hasira zangu zile za karibu zikafika. Nilipanda nikalifungua lile fundo mbele ya macho yake. Miaka saba nimevutwa mguu kama mbuzi, sasa nina saa, inatosha.

Alikuja mpaka chini ya dungu langu. Alitazama mguu, akatazama mkono, akasema, "Haya."

Nilikuwa nategemea ile methali ya asiyesikia la mkuu. Hakuisema. Akarudi zake, na kwa siku kadhaa aliendelea kuvuta kamba mara moja moja. Nilikuwa nayaona makopo yakirukaruka bila ndege, natazama pembeni. Nilijifunza kuyadharau.

Siku ya maji ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana, jua kali juu yetu. Kwenye milima ya Udzungwa wingu jeusi lilikuwa limekaa tangu alfajiri, lakini wingu la Udzungwa tunaliona kila siku. Ndege walikuwa wengi. Nilikuwa navuta kamba zangu za kushoto na kulia, na kila baada ya kuvuta nilimtazama mwanangu. Alikuwa amekwenda mferejini, hatua mia moja kutoka dungu langu, pale ile kamba ndefu inapovuka, kumwogesha mtoto wake wa gunzi. Nilimruhusu. Maji yalikuwa ya kifundo cha mguu. Sweta lake jekundu, ambalo hata kwenye jua hakukubali kulivua, lilionekana vizuri.

Mkono ukatetemeka. Nikasoma: Sherehe.

Nikafikiri, harusi hiyo, huko juu. Nikavuta kamba, nikatazama sweta jekundu. Lipo.

Sherehe, saa ikasema tena. Na papo hapo makopo ya kamba ndefu yakaanza kucheza. Hayakuruka mara moja moja kama siku zote, yalicheza mfululizo. Nikatazama dungu la mama mkwe. Yeye alikuwa amesimama. Umbali ule siwezi kusoma midomo, niliona tu mwili wake unakwenda mbele na nyuma, na kamba. Nikasema moyoni, leo umeamua kunichosha kabisa. Nikamgeuzia mgongo. Naandika jambo hili kwa sababu halifutiki: nilimgeuzia mgongo, nikawafukuza ndege upande wa pili.

Sherehe. Sherehe. Saa haikutulia, mkono uliwasha. Nikaitazama kwa hasira kutaka kuizima, na kidole kikiwa juu ya kioo ndipo akili iliponifikia. Tulikuwa kwenye Kwaresima. Wiki mbili kabla ya Pasaka. Mashamba yale yote, kuanzia kwetu mpaka juu kabisa, ni ya watu wa kigango kimoja, watu ambao Kwaresima hawafungi ndoa, hawapigi ngoma, na vigelegele wanavikunja mpaka Alleluia irudi. Hakuna mwanamke wa kule ambaye angepiga kigelegele siku ile. Sauti nyembamba ya kike, kali, isiyokoma, na si kigelegele. Iko moja tu.

Sikumbuki ngazi. Nakumbuka nilipokanyaga chini udongo uliokuwa mkavu asubuhi ulikuwa umelowa, na mpunga ulikuwa unalala upande mmoja bila upepo. Yangeyange wote waliokuwa kwenye tuta walikuwa wameruka. Nilikimbia. Hatua kama hamsini maji yakanifika magoti, rangi ya chai ya maziwa, yamebeba mabua na povu. Mbele sikuliona sweta jekundu.

Nilimwita. Sijui niliita kwa sauti gani, na kama alijibu nisingejua, kwa sababu simu ilikuwa nyuma kwenye nguzo na saa mkononi ilikuwa inaendelea kuniambia Sherehe. Sijawahi kuuchukia uziwi wangu kama dakika ile. Nimekwisha kuuzoea, nauchezea, nawatania watu nao, lakini pale katikati ya maji ningetoa macho yangu yote mawili nipewe sikio moja kwa pumzi tatu.

Niliona mkono kwanza. Alikuwa amepanda tuta la mfereji, tuta lenyewe limeshazama, amekumbatia mti mmoja wa kushikilia kamba. Sweta lilikuwa limelowa likawa jeusi, ndiyo maana sikuliona. Mdomo wake ulikuwa wazi. Nilisoma: Mama. Mama. Mama. Nilimfikia maji yakiwa mapajani, nikamnyakua, akanishika nywele, na mti aliokuwa ameukumbatia ukang'oka ukaenda.

Nikageuka kurudi dungu langu. Hapakuwa na njia. Upande wangu ni bondeni zaidi, maji yalikuwa yanakwenda huko kwa kasi, na ngazi yangu ilikuwa imeondoka. Dungu la mama mkwe liko juu ya kichuguu kikubwa, chini yake bado palionekana pakavu. Kati yangu na pale kulikuwa na mfereji, ambao sasa sikujua unaanzia wapi na kuishia wapi. Na juu ya maji, usawa wa bega langu, kamba ya katani ilikuwa inatetemeka na makopo yake.

Niliishika. Ikanivuta. Alikuwa bado anavuta, yule mama, na aliposikia uzito akaacha kuvuta kwa kutikisa, akaanza kuvuta kwa kukaza. Nilikwenda mkono baada ya mkono, mtoto shingoni, miguu haigusi chini pale kwenye mfereji, kopo moja likinikata shavu. Sikuangalia maji. Niliangalia khanga yake ya bluu tu, ilivyokuwa inakuwa kubwa.

Alimpokea mtoto kwanza. Mimi nilipanda kichuguu kwa magoti. Tulipofika juu ya dungu niliiona mikono yake. Katani ilikuwa imeichuna ngozi ya viganja, nyama nyekundu iko nje, na kamba upande wake ilikuwa na damu mpaka hatua kadhaa. Alikuwa amevuta muda mrefu sana. Alikuwa amevuta na kupiga yowe muda wote ambao mimi nilimpa mgongo.

Watu hunitania kwamba ilikuwa bahati, kwamba kama kamba ingekuwa mguuni mwangu isingekuwa imefungwa nguzoni, na nisingekuwa na cha kushika. Mimi sijiambii hivyo. Kama ingekuwa mguuni ningejua mapema, maji yakiwa bado ya kifundo, na ningekwenda kumchukua mwanangu kwa miguu yangu.

Tulikaa pale juu mpaka jioni, watu watatu kwenye kichanja cha mtu mmoja, maji yametuzunguka. Mtoto alilala kwenye mapaja ya bibi yake. Niliona nisipoyasema mwenyewe nitapasuka, nikamwambia, "Mama, niliyaona makopo. Nilifikiri unanijaribu. Nikakugeuzia mgongo." Aligeuza uso, akaangalia maji, na kama alisema kitu hakutaka nikisome. Nilijua basi. Kosa nilikuwa nimeshalisema kwa mdomo wangu.

Maji yalipopungua, siku ya tatu, tuliokoa tulichookoa. Mpunga wa upande wangu ulilala wote. Dungu langu lilikuwa limeinama, lakini simu ilikuwa kwenye mfuko wake pale juu, kavu. Tukarudi nyumbani kitongojini. Mume wangu alikuja, akatukumbatia, akasikiliza habari yote, akatazama chini.

Pasaka ikapita. Alhamisi nilimkuta mama mkwe anakunja nguo za mtoto. Magauni mawili, sweta jekundu lililofuliwa, kandambili. Alizipanga ndani ya mfuko wake wa safari, akauweka nyuma ya mlango. Viganja vyake bado vilikuwa vimefungwa vitambaa, kwa hiyo alikunja polepole. Sikumuuliza. Niliogopa kuuliza, kwa sababu jambo usiloliuliza bado lina upenyo. Usiku nililala nimemshika mwanangu kifundo cha mguu.

Jumapili, baada ya Misa ya kwanza, aliteka jiko. Alilitoa sufuria kubwa, lile la misiba na harusi, akaniletea ungo wa mchele nichague mawe. Kilo nyingi. Nikajua ni chakula cha kumuaga mtoto, basi ni kesho. Nilichagua mchele ule na machozi yakidondokea humo humo kwenye ungo, nikakuna nazi mpaka nikajikuna kidole. Wali ulipoiva alipalia makaa juu ya kifuniko, akanawa, akafungua vitambaa vya viganja. Akanionyesha kwa kidole: simu.

Nikamletea.

"Washa," alisema. "Ile ya kurekodi."

Sikuelewa. Niliwasha. Alitoka katikati ya uwanja, akakaza khanga kiunoni, akaangalia nyumba za jirani upande huu na upande ule kama mtu anayehesabu. Mama huyu aliyesimama juu yetu mpaka sauti ikafutwa. Mtu ambaye hajapata kusema uongo hata wa bei ya nyanya. Akajaza pumzi, akafumba macho, akapiga yowe.

Nililiona. Mishipa ya shingo ilisimama, mdomo ukawa mweusi ndani, mbwa wa jirani akanywea chini ya banda. Binti yangu aliziba masikio kwa mikono miwili akaanza kulia, ingawa alikuwa anamwona bibi yake yuko salama. Na mimi, kwa mara ya kwanza tangu nikiwa na miaka tisa, nilikumbuka yowe lilivyo, lile la mama yangu siku nyumba ya jirani ilipoungua. Nilikuwa nadhani nimelisahau.

Wakaja. Mzee na panga lake, kina mama na ndoo, vijana na fimbo, mwenyekiti wa kitongoji amevaa kiatu kimoja. Mama mkwe alifumbua macho, akanigeukia kwanza mimi, kuona kama simu imeshika. Nikaitikia kwa kichwa. Ndipo akawageukia wao, uso mkavu kabisa.

"Nimepiga la uongo," aliwaambia. "Nimeshapika. Karibuni."

Hakuna aliyegomba. Waliweka mapanga yao ukutani, wakanawa mikono. Walipokuwa wanakula, yeye aliingia ndani akatoka na ule mfuko, akauweka mapajani mwangu, akanishika kidevu ili nisipitwe na neno.

"Rudisha nguo za mtoto sandukuni. Ninakwenda Mahenge peke yangu, dada yangu anasubiri mchele, nitautia humo. Na kamba nitaifunga mwenyewe nikirudi. Saa mkononi, kamba mguuni. Umesikia?"

"Nimesikia," nikamwambia.

Simu ilikuwa bado wazi, inasubiri niipe sauti ile jina. Niliandika: Hatari, kimbia. Mama mkwe hajui kusoma vizuri, akaniuliza nimeandika nini, nikamsomea.

"Kimbia kwenda wapi?" alisema. "Mimi nikiita, unakuja kwangu."

Nikafuta. Nikaandika: Mama anaita.